Chesi kwa Anayeanza: Kete za Bure, Malkia wa Mapema na Sare Zisizostahili

Anayejifunza chesi, au sataranji kwa jina lake la zamani, mara nyingi hukimbilia ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, kabla ya kitu kingine chochote. Anakariri hatua nane kutoka kwenye video, anakaa mbele ya ubao, mpinzani anacheza hatua ya pili ambayo mwenye video hakuitaja, na ujuzi wote unaishia hapo. Michezo ya wanaoanza haiamuliwi na ufunguzi. Huamuliwa na kete iliyoachwa wazi ikaliwa bure, tena aghalabu pande zote mbili zinaacha, mara tatu au nne ndani ya mchezo mmoja. Ukipunguza kete unazogawa, utawashinda watu wengi wanaojua jina la kila ufunguzi.

Hatua zimeandikwa hapa kama zinavyoonekana kwenye simu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi. Mraba hutajwa kwa herufi ya safu yake (a hadi h) na namba ya mstari wake (1 hadi 8, kuanzia upande wa Weupe). Alama x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), # ni chekimeti (mfalme anashambuliwa na hana pa kuponea, mchezo umeisha). Hatua ya Weupe inatangulia, ya Weusi inafuata; nukta tatu baada ya namba, kama 5...Bxd1, maana yake ni hatua ya Weusi. Ukicheza kwenye ubao wa mbao, hakikisha mraba wa kona ya mkono wako wa kulia ni mweupe, na malkia mweupe amesimama kwenye mraba mweupe. Ubao uliogeuzwa huharibu kila kitu kinachofuata, na hutokea zaidi ya unavyodhani.

Kwa nini huioni kete inayoliwa

Si kwamba hujui farasi anavyotembea. Macho yako yako kwenye mpango wako, basi. Mpinzani anaposogeza kete, kuna mahali kete hiyo imefika na mahali imetoka, na anayeanza huangalia ilikofika tu. Chukua askofu mweusi wa c8. Huenda hajaguswa tangu mchezo uanze, lakini askari wa d7 akisogea mbele, askofu huyo anaona mshazari mzima hadi h3. Ukiweka farasi wako g4 bila ulinzi ukiamini hapana hatari kwa kuwa "askofu hajatoka", umempoteza.

Kuna hatua za aina mbili ambazo jicho huzikosa kuliko nyingine. Ya kwanza ni kete inayorudi nyuma, maana tumezoea kuona mashambulizi yakija mbele. Ya pili ni askofu au malkia anayepiga kutoka mbali, hasa askofu aliyekaa b2 au g2 kwa Weupe, b7 au g7 kwa Weusi. Mtu anaangalia kona iliyo karibu naye na kusahau kwamba mshazari unaanzia upande wa pili wa ubao.

Dawa ni maswali matatu, kila zamu, kwa mpangilio huu:

1. Hatua aliyocheza sasa hivi inashambulia nini, na imefungua njia ya kete gani?
2. Nikicheza hatua ninayoifikiria, mpinzani ana cheki gani? Anaweza kula nini? Anatishia nini?
3. Kete ninayotaka kuisogeza ilikuwa inalinda nini?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Farasi wa f3 alikuwa analinda askari wa e5. Umemrusha g5 kwa sababu kuna shambulio zuri, na askari ameliwa. Cheki zinatangulia katika swali la pili kwa sababu mtu aliyepigwa cheki lazima aijibu, hana uhuru wa kufanya jambo lingine. Hatua ya cheki unayoisahau ndiyo inayovuruga hesabu yako yote.

Maswali haya yanataka muda. Mchezo wa dakika 10 wenye hatua 40 unakupa sekunde 15 kwa kila hatua. Mchezo wa dakika 15 pamoja na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua (kwenye programu umeandikwa 15+10) unakupa kama sekunde 32. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kufikiri na kubahatisha. Michezo ya dakika 1 au 3 inaburudisha, hakuna ubaya, lakini kwa anayeanza inazidisha tabia ileile anayojaribu kuiacha.

Kula si lazima

Wengi wanaingia kwenye chesi wakitokea kwenye drafti, ambako kula ni lazima. Mkono umezoea: kete ikiachwa, inaliwa. Kwenye chesi sheria haikulazimishi kula chochote, ila pale ambapo kula ndiyo njia pekee ya kuondoa cheki. Tazama mchezo huu, maarufu tangu karne ya 18:

1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6

Askofu mweusi wa g4 amembana farasi wa f3: farasi akiondoka, malkia wa d1 ataliwa. Mweusi anaona yuko salama. Weupe wanacheza 5.Nxe5, na malkia ameachwa wazi kabisa. Mweusi anamla, 5...Bxd1, na yanafuata 6.Bxf7+ Ke7 7.Nd5#. Ana malkia mzima zaidi, na amekufa. Hatua iliyostahili ni 5...dxe5, Weupe wangemla askofu kwa 6.Qxg4 wakaongoza kwa askari mmoja, na mchezo ungeendelea.

Hapo kuna mafunzo mawili. Kete iliyobanwa mbele ya mfalme haiwezi kusogea, sheria inakataa. Kete iliyobanwa mbele ya malkia inaweza kusogea, ila kuna gharama, na wakati mwingine gharama hiyo inalipa. La pili: ukiona zawadi kubwa, tafuta kwanza cheki zote atakazokuwa nazo mpinzani baada ya wewe kuipokea.

Kabla ya kula mahali penye ulinzi, hesabu. Thamani za kawaida ni askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Tuseme askari mweusi wa e5 anashambuliwa na farasi wako wa f3 na ngome yako ya e1, naye analindwa na askari wa d6 na farasi wa c6. Washambuliaji wawili, walinzi wawili. Ukila kwa farasi, askari wa d6 anakula farasi: umepata 1, umetoa 3. Ukiendelea kwa hasira na kula kwa ngome, farasi wa c6 anaila ngome: jumla umepata 2, umetoa 8. Ili upate faida unahitaji washambuliaji wengi kuliko walinzi, na anayetangulia kula awe yule wa bei ndogo.

Hesabu hizo lakini zina udanganyifu wake. Mtego unaowanasa karibu kila mtu ni ule wa f7: mfalme mweusi ameshahifadhiwa g8 (hatua hiyo inaelezwa chini, kwenye sehemu ya Mfalme), ngome iko f8, na Weupe wenye askofu c4 na farasi g5 wanakula askari wa f7, wanaliwa na ngome, kisha wanaila ngome, na mfalme anakula kete ya mwisho. Umetoa farasi na askofu, 3 na 3. Umepokea ngome na askari, 5 na 1. Sita kwa sita, sawa kwenye karatasi. Ubaoni si sawa. Katikati ya mchezo farasi na askofu wana kazi nyingi mara moja, ilhali ngome bado haina safu iliyo wazi ya kupita; nawe umetumia kete zako mbili pekee zilizokuwa zimetoka. Ukiona mpinzani anakufanyia hivyo, mwache.

Malkia wa h5

Ukianza kucheza kwenye intaneti, ndani ya michezo yako ya kwanza utakutana na chekimeti ya hatua nne: 1.e4 e5 2.Bc4 Nc6 3.Qh5 Nf6 4.Qxf7#. Mweusi alimwona malkia, akamshambulia kwa farasi, na hakuona kwamba malkia na askofu wanaangalia f7 wote wawili. Mraba wa f7 (na f2 kwa Weupe) ni dhaifu kwa sababu mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake.

Jibu sahihi la 3.Qh5 ni 3...g6. Malkia anasogea, kwa kawaida 4.Qf3, na anatishia f7 tena. Cheza 4...Nf6, njia ya malkia imezibwa, kisha askofu wako anakwenda g7. Weusi wako vizuri: kete zao zinatoka huku malkia wa Weupe amechukua f3, mraba ambao farasi wao alikuwa anauhitaji.

Angalia sana mpangilio wa hatua, maana hapa ndipo jibu lililokaririwa linapogeuka sumu. Wengine wanamtoa malkia hatua ya pili: 1.e4 e5 2.Qh5. Ukicheza g6 papo hapo, 3.Qxe5+ inampiga cheki mfalme wako na wakati huohuo inaitazama ngome ya h8, kwa sababu askari wa g7 ameondoka na mshazari uko wazi. Ngome imekwenda. Kwanza cheza 2...Nc6 kumlinda askari wa e5. Baada ya 3.Bc4, sasa ndiyo 3...g6.

Shambulio la pili la f7 ni zito zaidi, na halina utani ndani yake: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5. Farasi na askofu wote wanashambulia f7 na huna mlinzi wa kutosha wa kuongeza. Ziba mshazari wa askofu: 4...d5. Baada ya 5.exd5 usile kwa farasi ukiwa bado mgeni, 5...Nxd5 inamkaribisha 6.Nxf7 na mfalme wako anaburutwa hadi katikati ya ubao. Cheza 5...Na5 kumshambulia askofu. Mara nyingi hufuata 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6. Umetoa askari mmoja, lakini kete zako zinatoka haraka huku za Weupe zikirudishwa nyuma moja baada ya nyingine. Kama hupendi kutoa askari, cheza 3...Bc5 badala ya 3...Nf6: malkia wako wa d8 anaendelea kuuona mraba wa g5, na farasi akiruka hapo sasa hivi analiwa.

Zaidi ya hayo, ufunguzi kwa ngazi hii ni mambo machache tu. Askari mmoja au wawili katikati, farasi na maaskofu watoke, mfalme ahifadhiwe kabla ya hatua ya 10, kete isisogezwe mara mbili bila sababu unayoweza kuitamka. Askari wa a na h wakae kwao.

Mfalme

Kumhifadhi mfalme ni ile hatua ambayo mfalme anasogea miraba miwili kuelekea ngome, na ngome inaruka kukaa upande wake wa pili. Watu hudhani programu imeharibika inapowakatalia. Huwezi kuifanya ukiwa ndani ya cheki, wala ikiwa mraba atakaopita mfalme au atakaofikia unashambuliwa, wala kama mfalme au ngome hiyo ilishawahi kusogea hata ikirudi mahali pake. Lakini ngome kushambuliwa si kizuizi, na kwa upande wa malkia, mraba wa b1 ukishambuliwa pia si kizuizi, kwa kuwa anayepita hapo ni ngome tu.

Lalamiko lingine la aina hiyo: "askari wangu kaliwa na mtu asiyekuwa mbele yake." Askari wako akiruka miraba miwili na kutua ubavuni mwa askari wa mpinzani aliyefika mstari wake wa tano, mpinzani anaruhusiwa kumla kana kwamba alisogea mraba mmoja tu. Ni kwa hatua inayofuata mara moja. Akichelewa, haki hiyo imepotea.

Mfalme akishakaa g1 nyuma ya askari wa f2, g2 na h2, yuko salama kutoka mbele na amefungiwa kutoka nyuma. Ngome moja ya mpinzani ikifika mstari wa kwanza bila kuzuiwa, ni chekimeti. Kabla ya kuondoa ngome yako ya mwisho kwenye mstari huo, cheza h3 kumpa mfalme tundu la kupumulia. Ila isiwe mazoea ya hatua ya tano. H3 inayochezwa wakati maaskofu bado wamelala ni zamu iliyotupwa.

Unaongoza, halafu sare

Hakuna kinachouma kama kuwa na malkia mzima dhidi ya mfalme mtupu na kuambulia nusu pointi. Mfalme asiye kwenye cheki, na ambaye upande wake hauna hatua yoyote halali, ni sare.

Njia ya kumaliza ni hii. Mweke malkia umbali wa hatua ya farasi kutoka kwa mfalme wa mpinzani. Mfalme akisogea, mfuate kwa mwendo uleule: akienda chini, malkia chini, akienda kulia, malkia kulia. Hakuna cheki hata moja inayohitajika. Cheki za hovyo ndizo zinazomtorosha. Sanduku la miraba iliyobaki kwa mfalme linapungua hadi anafika ukingoni.

Hapo acha kumfuata. Umbali wa farasi uliokuwa unakusaidia katikati ya ubao unageuka mtego kwenye kona: mfalme akiwa a8 na malkia wako b6 au c7, na zamu ni yake, mchezo umeisha kwa sare. Mfalme akishakuwa mstari wa nane, mweke malkia mstari wa saba, mbali kidogo. Mfano, malkia e7: mfalme anabaki akienda g8 na kurudi h8, hana pengine. Sasa mlete mfalme wako taratibu hadi g6. Kisha Qg7 ni chekimeti, mfalme awe g8 au h8.

Fanya zoezi hili dhidi ya kompyuta mpaka uweze kulimaliza mara kumi mfululizo ndani ya hatua 20. Kisha ngome mbili, ambazo ni rahisi zaidi: moja inafunga mstari, nyingine inapiga cheki mstari unaofuata, zinapandana kama ngazi, mfalme akiikaribia ngome, ipeleke upande wa pili wa ubao kwenye mstari uleule.

Mfalme na askari dhidi ya mfalme mtupu ndiyo hali inayorudi kuliko zote. Kosa la kawaida ni kumsukuma askari mbele na mfalme akifuata nyuma. Geuza: mfalme atangulie. Mfalme wako akiwa e6, askari wako e5, na mfalme mweusi e8, unashinda zamu iwe ya nani. Zamu ikiwa yako: Kd6 Kd8, e6 Ke8, e7 Kf7, Kd7, na askari anakuwa malkia. Wa pembeni kabisa, yaani wa safu ya a au h, hafuati kanuni hii. Mpinzani akiwahi kona, ni sare.

Mazoezi yanayozaa

Kati ya programu za kucheza chesi kwenye intaneti, Lichess ni bure yote na haina matangazo, Chess.com ina sehemu za bure na za kulipia. Kwa anayeanza yoyote inatosha.

Kwa siku yenye dakika 60, tumia 15 kwa mafumbo na zilizobaki kwa mchezo mmoja wa 15+10. Chagua mafumbo ya chekimeti ya hatua moja, kisha ya hatua mbili, kisha yale ya kete moja kushambulia mbili kwa mpigo. Usibonyeze hadi uwe umeona jibu la mpinzani. Anayebonyeza "labda hii" anafanya mafumbo 60 kwa siku na haongezeki. Mafumbo 10 yaliyotatuliwa kichwani hadi mwisho yana uzito zaidi. Ukikosa, kaa nalo mpaka uweze kusema kwa nini hatua yako ilishindwa.

Baada ya mchezo, usifungue kompyuta ya uchambuzi kwanza. Upitie mwenyewe, tafuta pale mchezo ulipogeuka, andika kwenye daftari mstari mmoja: rangi uliyocheza, namba ya hatua, na aina ya kosa. Aina tano zinatosha: kete ya bure, cheki iliyosahaulika, hesabu ya kula, muda, mwisho wa mchezo. Ndipo ufungue kompyuta uone kama mmekubaliana. Baada ya michezo 20, hesabu. Ikiwa 13 ni kete ya bure, unajua mafumbo yako ya mwezi ujao, na unajua pia kwamba video ya ufunguzi uliyotaka kuitazama inaweza kusubiri.

Reitingi, yaani namba inayoonyesha kiwango chako kwenye programu, itapanda na kushuka. Ukipoteza miwili mfululizo, funga programu. Mchezo wa tatu hupotezwa na hasira, si na mpinzani.

Siku ya kwenda kucheza ana kwa ana, jiandae kwa mambo mawili. Ubao wa mbao unaonekana tofauti na wa simu, na mishazari mirefu hujificha nyuma ya kete zilizosimama, kwa hiyo panga michezo kadhaa kwenye ubao halisi wiki moja kabla. Na mashindanoni ukiigusa kete yako lazima uicheze, ukigusa ya mpinzani lazima uile, mradi kuna hatua halali. Kete iliyokaa vibaya kwenye mraba wake irekebishe wakati wa zamu yako, baada ya kutamka kwamba unairekebisha. Mikono ikae mapajani mpaka maswali matatu yaishe.